Kituo cha Kupishana

Katika vitabu vingi vya kanuni za softiboli, kituo cha kwanza kimeshonwa kwa nusu mbili. Nusu nyeupe imelala ndani ya uwanja. Nusu ya pili, ya rangi nyingine, mara nyingi ya machungwa, imelala nje ya mstari wa pembeni. Zimeungana ubavu kwa ubavu, sentimita 38.1 kwa 76.2 zote pamoja. Mlinzi anakanyaga nyeupe, mkimbiaji anakanyaga ya rangi, kila mtu na lake. Hivyo ndivyo kanuni inavyosimuliwa na watu wenye haraka. Ingekuwa hivyo tu, isingehitaji mhakiki.

Nasema mhakiki kwa makusudi. Tumezoea kuhakiki riwaya, filamu na nyimbo za bongofleva, lakini maandishi yanayoamua nani abaki na nani atoke tunayasoma kama maelekezo ya dawa: mara tatu kwa siku, baada ya chakula. Kanuni ya mchezo ni maandishi kama mengine. Ina mwandishi, hata kama ni kamati. Ina wahusika, ina wakati wake, na ina mahali ambapo inanyamaza. Hii ya kituo cha kwanza ni ya vifungu vichache tu, na karibu kila kifungu kinabishana na mwenzake.

Kwa ambaye hajawahi kuutazama mchezo huu: mpigaji akishaupiga mpira, anaachia gongo na kukimbia mita 18.29 kuelekea kituo cha kwanza. Mpira ukiwa unabingirika chini, mmoja wa walinzi anauokota na kumrushia mwenzake aliyekwishaweka mguu juu ya kituo. Mpira ukitangulia, mkimbiaji katolewa. Mguu ukitangulia, yuko salama. Mkimbiaji hodari anaimaliza safari hiyo kwa muda unaokaribia sekunde tatu. Sasa tazama macho yao. Mlinzi anatazama mpira unakotokea. Mkimbiaji anatazama kituo. Hakuna anayemtazama mwenzake, na wote wawili wanatakiwa kuweka mguu juu ya mraba mmoja wenye upana wa sentimita 38. Vifundo vya miguu vilivyoteguka mahali hapo ndivyo vilivyoiandika kanuni hii.

Mchezo wenyewe una umri mkubwa kuliko watu wanavyodhani. Ulianza Chicago mwaka 1887, ndani ya ukumbi, kwa glavu ya ndondi iliyofungwa kuwa mpira na mpini wa ufagio. Umeingia na kutoka kwenye Olimpiki tangu 1996. Kwetu bado ni mgeni: besiboli na softiboli zina chama kimoja cha taifa, na walioanza kuzifundisha kwa bidii Dar es Salaam walisaidiwa sana na Wajapani. Waganda wametutangulia, timu ya watoto kutoka Lugazi ilifika Williamsport, Pennsylvania, mwaka 2012, ya kwanza kutoka Afrika kucheza mashindano ya dunia ya besiboli ya watoto. Njombe na Makambako hazimo kwenye historia hiyo. Huku mpira wa mikono ya wasichana ni netiboli, na kabla ya netiboli ni rede.

Kanuni hii ilinifikia kwa njia ya shemeji yangu, mwalimu wa michezo katika shule moja ya msingi Makambako. Alipata ukurasa uliochapwa, wa Kiingereza, akataka wasichana wake wa darasa la sita wajaribu mchezo huu kwa vifaa vya kutengeneza wenyewe. Magongo yalitoka kwenye mabaki ya mbao, maana mbao huku hazina shida. Mpira ulishonwa. Kilichomshinda ni nusu ukurasa kuhusu kituo cha kwanza. Programu ya tafsiri kwenye simu yake ilikuwa imempa sentensi inayosema mkimbiaji lazima atumie nusu ya rangi "mchezo unapofanywa dhidi yake".

"Shemeji," aliniuliza, "mchezo si unafanyika muda wote? Na huo wa dhidi yake ni upi, wa kumchezea?"

Swali lake ni la kihakiki kuliko mengi niliyoyasikia kwenye semina. Katika Kiingereza cha kanuni, neno hilohilo linalomaanisha mchezo mzima linatumika pia kwa tendo moja dogo: upande wa ulinzi kujaribu kumtoa mkimbiaji. Anayeijua lugha ya kitabu hasikii utata wowote. Anayekuja na kamusi anasikia kitendawili. Tukiliweka "mchezo", kanuni inamfunga mkimbiaji siku nzima. Tukiliweka "jaribio la kumtoa", inamfunga kwa sekunde tatu tu, na kumwacha huru baada ya hapo. Tofauti ya maneno hayo mawili ni tofauti ya kanuni mbili.

Tuliwahi kuifanya kazi hii vizuri. Lugha ya soka ya Kiswahili haikutafsiriwa na kamati. Imetengenezwa vinywani mwa watangazaji na mashabiki, na maneno yake yanafanya uhakiki bila kujitangaza. Chukua kuotea. Kiingereza kinasema tu kwamba mtu yuko upande usiofaa, habari ya mahali. Kiswahili kinasema amevizia, habari ya nia. Mshambuliaji wetu akinyooshewa kibendera tunamwona kama mtu aliyejibanza nyuma ya mti kumsubiri mpita njia. Au kuunawa mpira: mtu kaufanya mpira maji ya kunawia. Maneno haya si ya uaminifu sana kwa kitabu, lakini yamewafanya watu ambao hawajawahi kukigusa kitabu cha kanuni wabishane juu yake kwa uhakika, vijiweni na ndani ya daladala. Kanuni ikishapata neno la Kiswahili inakuwa ya kila mtu. Ikikosa, inabaki ya mwamuzi.

Kwa softiboli bado hatujakubaliana hata neno la kwanza. Wapo wanaosema beisi, na sina ugomvi nao. Mimi nachukua kituo kwa sababu linafikiri. Kituo linatokana na kutua: ndege anatua, mchukuzi anatua mzigo. Ni mahali pa basi. Ni nukta mwisho wa sentensi. Ni mstari wa mwisho wa ubeti. Maana zote zinakubaliana kwamba hapo ndipo mwendo unakoma. Na hapohapo ndipo kituo cha kwanza kinapoasi jina lake, maana mkimbiaji haambiwi atue. Anaruhusiwa kukikanyaga kwa kasi yote aliyo nayo na kupitiliza mita kadhaa, kisha arudi taratibu, na hakuna wa kumgusa na mpira ilmradi hakujaribu kuelekea kituo cha pili. Kwenye kituo cha pili na cha tatu hakuna ruhusa hiyo; ukipitiliza unaguswa na mpira, unatolewa. Kituo cha kwanza ni kituo cha kupita, kama Makambako kwa basi la Songea lililochelewa.

Ruhusa hiyo ya kupitiliza ndiyo mama wa ajali, na ndiyo sababu kanuni ya nusu mbili ipo hapa na si kwingine. Mtu anayekuja kusimama hupunguza mwendo. Mtu aliyeruhusiwa kupita haoni sababu.

Sasa nisome vifungu, maana hapo ndipo utamu ulipo.

Kifungu cha kwanza kinahusu mpira, si watu. Mpira uliopigwa ukigusa nusu nyeupe, uko ndani. Ukigusa nusu ya rangi peke yake, uko nje. Kwa hiyo kitambaa kilekile ni kituo kwa mguu na si kituo kwa mpira. Mwandishi wa kanuni hakuona aibu yoyote katika hilo, na nampongeza. Kitu hakina haja ya kuwa kilekile kwa kila anayekigusa.

Kifungu cha pili ndicho kile cha shemeji. Ikiwa kuna jaribio la kumtoa mkimbiaji katika kituo cha kwanza, mlinzi atumie nyeupe na mkimbiaji atumie ya rangi. Kama hakuna jaribio, tuseme mpira umepigwa mbali hadi kwa walinzi wa nyuma na hakuna anayeurusha kituo cha kwanza, mkimbiaji akanyage nusu yoyote. Wengi watachagua nyeupe, kwa sababu kona yake ya ndani inawageuza vizuri kuelekea kituo cha pili.

Kati ya hali hizo mbili kuna eneo la ukungu. Tuseme mpira unabingirika polepole, mlinzi anauokota, ananyanyua mkono, anaona amechelewa, harushi. Je, jaribio lilikuwepo? Mkono ulionyanyuka ni jaribio au ni wazo tu? Mkimbiaji hajui, kwa kuwa hana macho kisogoni. Mlinzi aliyesimama kituoni naye alikuwa tayari kupokea. Nimesikia hoja kwamba mwamuzi atazame hatari: kama hapakuwa na uwezekano wa kugongana, asimwadhibu mkimbiaji aliyekanyaga nyeupe. Hoja hiyo ina huruma, ila mimi siifuati. Kanuni haisemi chochote kuhusu hatari. Inasema jaribio. Na ni sawa isiseme, kwa sababu miguu hujifunza kwa mazoea, haijifunzi kwa kupima hatari moja baada ya nyingine ndani ya sekunde tatu. Mkono ulionyanyuka bila kurusha mimi nisingeuita jaribio. Mpira ukishaondoka mkononi kuelekea kituo cha kwanza, jaribio lipo hata kama unakwenda kombo. Mwingine atachora mstari pengine. Lakini auchore kwenye tendo la mrushaji, asiuchore kwenye umbali kati ya miguu.

Kosa kubwa la usomaji lipo mahali pengine. Karibu kila maelezo mafupi ya kanuni hii yanamwelekea mkimbiaji: kanyaga ya rangi, kanyaga ya rangi. Makocha wanampigia yeye kelele. Inaonekana kama sheria ya barabarani inayowahusu waenda kwa miguu tu. Ukirudi kwenye maandishi, wajibu ni wa pande mbili, na kila upande unalipa kwa kile ulichokuwa unakitaka. Mlinzi akishika mpira huku mguu wake uko kwenye nusu ya rangi pekee, hajamtoa mtu; alitaka kutoa, anakosa. Akiwa amesimama pale na kumzuia mkimbiaji kupita, kosa ni lake. Mkimbiaji akikanyaga nyeupe pekee wakati jaribio lipo, anahesabiwa kama hakukanyaga kituo kabisa. Alitaka mahali, anakosa mahali. Sijawahi kuona adhabu zilizopimwa kwa mizani nzuri namna hiyo.

Hapo ndipo Kiswahili kilipompa shemeji kile ambacho Kiingereza kilimnyima. Tuna kitenzi kupisha: kumwachia mtu nafasi apite. Tuna kupishana: watu wawili kuachiana nafasi, kila mmoja akimwachia mwenzake. Ndani ya neno hilo hakuna wa kwanza wala wa pili, na hakuna mkosaji. Maandishi ya Kiingereza yanahitaji sentensi mbili, moja ya mlinzi na moja ya mkimbiaji, na msomaji mwenye haraka anaishia ya pili. Kiswahili kinayasema yote kwa silabi moja, ile "na" iliyo tumboni mwa kitenzi. Kwa hiyo sikukiita kituo pacha, jina lililopendekezwa na watoto, maana mapacha ni sawa na nusu hizi si sawa. Nilikiita kituo cha kupishana. Makambako jina hilo halihitaji maelezo. Reli ya TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, kwa sehemu kubwa ni njia moja. Treni mbili zinazokutana haziwezi kupita popote isipokuwa penye njia ya pembeni, moja ikaingia huko na kuiachia nyenzake. Hakuna anayeuliza treni gani ilikosea kuwepo.

Netiboli nayo ina kanuni ya nafasi, na wasichana wale wanaijua vizuri kuliko mimi. Mlinzi asimame mita 0.9 kutoka kwa mwenye mpira. Ni kanuni njema, lakini mita hiyo haijachorwa popote. Inaishi kwenye jicho la mwamuzi, na ndiyo sababu mechi ya netiboli inajaa filimbi na mikono iliyonyooshwa kuomba ushahidi wa hewa. Kituo cha kupishana kimeichukua nafasi hiyo kikaishona, kikaipaka rangi, kikaipigilia chini. Huwezi kubishana na kitambaa kuhusu mahali kilipo.

Besiboli ya wanaume Marekani imepita njia tofauti, na inafaa kuitazama ili kujua thamani ya hii. Kituo chao cha kwanza ni kimoja, na kimelala ndani ya mstari. Lakini hadi 2023 mkimbiaji, kwa nusu ya mwisho ya safari yake, alitakiwa akimbie kwenye njia iliyochorwa nje ya mstari. Yaani aambae nje ili afike ndani. Mwaka 2019, katika mchezo wa sita wa fainali, Trea Turner wa Washington alikimbia kwa mstari ulionyooka kuelekea kituo, akagonga glavu ya mlinzi aliyekuwa anapokea mpira, akatolewa kwa kosa la kuingilia. Kocha wake alipandwa na hasira hadi akafukuzwa uwanjani. Timu yake ilishinda siku hiyo, kwa hiyo hasira ikapoa. Mwaka 2023 ligi ilivikuza vituo kutoka sentimita 38.1 hadi 45.7, na mwaka 2024 ikaipanua ile njia ya mkimbiaji hadi kwenye ukingo wa nyasi. Ni viraka. Kila kiraka bado kinauliza ni nani alikuwa mahali pasipo pake. Softiboli iliamua kuongeza mahali.

Narudi kwenye nyanda za juu, kwa sababu kitabu hakikuandikwa kwa ajili ya udongo wetu.

Rangi ya machungwa kwenye udongo wa Njombe haionekani. Mtu aliyeandika kanuni alikuwa na uwanja wa nyasi au wa udongo wa kahawia uliochekechwa. Udongo wa huku ni mwekundu, na mwezi wa saba vumbi lake linapanda hadi kwenye nyusi; baada ya dakika kumi, nyeupe na machungwa zote zimekuwa ndugu. Ukisoma kwa herufi, nunua kitambaa cha machungwa. Ukisoma kwa kusudi, kinachotakiwa ni rangi ambayo mguu unaokimbia utaitofautisha na jirani yake. Shemeji alichukua sandarusi mbili, moja nyeupe ya mbolea, nyingine ya bluu, akazijaza pumba za mbao na kuzishona pamoja. Bluu juu ya wekundu inaonekana hata kwenye ukungu wa asubuhi. Hilo naliita usomaji mzuri wa maandishi, na halikuhitaji kamusi.

Kisha kuna upepo. Aliyewahi kushuka kwenye basi Makambako ameshikilia kofia anajua ninachosema. Kitabu kina kifungu cha pembeni, ambacho kwingine pengine hukumbukwa mara moja moja: ikiwa mpira umerushwa vibaya ukamvuta mlinzi upande wa nje, au jaribio linatokea upande wa nje wa mstari, mlinzi na mkimbiaji wote wanaruhusiwa kutumia nusu yoyote. Kwenye uwanja usio na upepo hicho ni kifungu cha dharura. Makambako kinaweza kuwa kifungu cha kila robo saa. Mpira ulioshonwa kwa mkono, mwepesi, ukirushwa kukatisha uwanja, haufiki ulikotumwa. Hivyo nilikitoa mwishoni, kilikokuwa kwa herufi ndogo, nikakipandisha hadi sentensi ya tatu. Mfasiri anayehamisha kifungu anaonekana kama amevuka mpaka. Lakini mpangilio nao ni tafsiri ya mtu fulani kuhusu kinachotokea mara nyingi, na alikuwa anatazama hali ya hewa ya kwao.

Kuna pia suala la viatu. Kitabu kinawaza viatu vyenye meno chini na kituo kilichoinuka kidogo. Wasichana wengi wa shemeji wanakimbia pekupeku. Kwao hatari ni kidole kukanyagwa na mwenzake mwenye raba, zaidi ya kifundo kuteguka. Kanuni inawalinda vilevile, kwa sababu ambayo mwandishi wake hakuifikiria.

Nimesifu vya kutosha. Kifungu kinachonikera ni cha rufaa.

Mkimbiaji akikanyaga nyeupe wakati alitakiwa kukanyaga ya rangi, na akawahi kabla ya mpira, mwamuzi hamtoi. Anaona kosa na kunyamaza. Upande wa ulinzi ukidai kabla mkimbiaji hajarudi kituoni, hapo ndipo mwamuzi anafungua mdomo na kumtoa. Usipodai, mkimbiaji anarudi, anasimama juu ya nyeupe, na kosa limefutika kana kwamba halikuwahi kutokea. Kuna mantiki. Hata mahakamani, shauri la madai haliendi kwa hakimu lenyewe. Lazima mtu alipeleke. Na ni kawaida ya mchezo huu mzima kwamba kituo kilichorukwa kinadaiwa.

Lakini haki ya kudai ni mali ya anayejua kwamba ipo. Tuseme timu mbili za shule zinakutana, moja ina nahodha aliyesoma ukurasa, nyingine imefundishwa kwa kuonyeshwa tu. Timu ya pili itacheza saa nzima ikitolewa kwa madai ambayo haiyaelewi, na yenyewe haitadai hata mara moja. Mwamuzi atakuwa mwadilifu kabisa. Hatakuwa amependelea mtu. Shule zetu za msingi za serikali zinafundisha kwa Kiswahili. Kiingereza kinakuwa lugha ya masomo mtoto akifika sekondari. Kanuni iliyobaki kwenye Kiingereza cha kitabu inamfikia mtoto wa darasa la sita kama amri za kocha, haimfikii kama haki zake. Ataambiwa akanyage ya bluu. Nani atamwambia kwamba mwenzake naye amekatazwa bluu, na kwamba anaweza kunyanyua mkono na kusema?

Katika rede jambo hili halipo. Wawili wanarusha mpira huku na huku, wa katikati anakwepa, na kwa namna inayochezwa na chupa anajaza mchanga katikati ya kukwepa. Kanuni zake hazikuandikwa, kwa hiyo kila mtoto anazijua zote, na mpira ukimgusa mtu hata upindo wa sketi, sauti kumi zinapiga kelele kabla hajageuka. Kuna dhuluma humo pia, mwenye sauti kubwa anashinda. Lakini hakuna anayeshindwa kwa sababu hajui kuwa ana haki ya kupiga kelele.

Kwa hiyo sentensi ya rufaa niliiandika kwa nafsi ya pili, ingawa nyingine zote ziko katika nafsi ya tatu. "Ukiona mkimbiaji amekanyaga nyeupe pekee wakati wa jaribio la kumtoa, mwambie mwamuzi kabla hajarudi, mwamuzi hatasema mpaka uulize." Mhariri wa vitabu angenirudishia kwa kalamu nyekundu kwa kubadilisha nafsi katikati ya waraka. Naona inafaa. Hicho ndicho kifungu pekee ambacho hakifanyi kazi mpaka msomaji ajue kwamba anasemwa yeye.

Tulibaki na kifungu cha kurudi, na hatujakubaliana. Kanuni inasema mkimbiaji akishapitiliza na kurudi, nusu ya rangi inaisha kazi. Kuanzia hapo kituo ni nyeupe tu. Akisimama kwenye rangi pekee, anahesabiwa kuwa hayuko kituoni, na mlinzi mwenye mpira akimgusa, katolewa. Mrushaji akijiandaa na msichana amesimama juu ya sandarusi ya bluu akidhani yuko nyumbani, yuko nje kwenye baridi. Niliandika: "Akisharudi, nusu ya bluu si kituo tena." Shemeji anataka niondoe "tena". Anasema linachanganya, kwa kuwa watoto watauliza kilikuwa kituo cha nani na kikaacha lini, na kanuni nzuri haina historia. Inasema kilipo na kisichokuwepo. Mimi nalitaka libaki. Bila hilo, msichana hataelewa kwa nini mahali palepale palipompokea dakika moja iliyopita sasa panamtoa.